Simu Kifuani kwa Mgonjwa

Wapendwa, hebu tuingie wodini kidogo. Kuna mama mmoja pale, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyejifunza kusoma juzijuzi tu. Mumewe amelazwa, moyo unamsumbua, na pembeni ya kitanda kuna mashine inayomsukumia dawa mshipani, tone moja moja. Ukutani kuna tangazo. Mama akalisoma lote kwa kidole, bila kumuuliza mtu: "Zima simu. Inaweza kuvuruga mashine." Akafurahi kama aliyeshinda mtihani.

Ila hakuzima. Kwa nini? Kikundi cha maombi kilikuwa kimeahidi kupiga saa saba mchana.

Ikaita. Upande wa pili ni mzee wa kanisa. "Bwana asifiwe, mama! Tuko thelathini hapa. Weka spika, mlazie simu kifuani, tumwombee."

"Mzee, hapa wameandika simu zizimwe."

"Hayo ni ya wapiga soga, mama. Sisi tunaomba!"

Ungekuwa wewe, ungebisha? Akaiweka kifuani. Haikupita muda, mashine ikaanza kulia: piii, piii, piii. Namba ya kasi ya dawa, iliyokuwa nne, ikawa arobaini. Mgonjwa akafumbua macho, akamshika mkewe mkono, jasho linamtoka, mdomo unacheza na sauti haitoki.

"Mzee! Mashine inalia!"

"Ndiye adui huyo, anapiga kelele! Ameshikwa pabaya! Usikate, mama! Wapendwa, pazeni sauti!"

Wote thelathini wakapaza. Mama akaishika simu. Akikata, mumewe akafa, si watasema imani yake ilikuwa ndogo? Asipokata, je, amtazame tu hivihivi anakwenda? Maisha yake yote hajawahi kumkatia simu mzee wa kanisa.

Akakata. Akaizima kabisa, akapiga ukunga kuomba msaada.

Nesi akaja mbio, akafunga mrija wa dawa, akashika mkono wa mgonjwa kupima mapigo ya moyo. Halafu akauliza, "Hiyo simu ilikuwa ya nini?"

"Ya maombi, mwanangu."

"Walikuwa wamemaliza?"

"Bado. Nimewakatia."

"Mama, ungewasubiri wafike amina, ungebaki mjane."

Mnamcheka yule mzee? Msicheke. Wale thelathini mnadhani ni akina nani? Ni sisi! Tunamwombea mtu huku tumemkalia kifuani. Binti wa mtu analia ndani ya nyumba, tunasema ana pepo, tunaongeza sauti. Nani kati yetu alimuuliza anaumwa wapi? Ile mashine ilikuwa inamwitia mgonjwa msaada, sisi tukaikemea.

Naogopa, ndugu zangu. Naogopa kwamba yuko mtu humu humu, kwenye benchi hizi, anaishiwa pumzi, na kinachommaliza ni makelele yetu. Kwa hiyo leo hatupazi sauti. Mgeukie aliye kando yako. Muulize anaumwa wapi. Halafu nyamaza, umsikie.