Radhi Moja ya Kilundo

Hapo zamani, si zamani ya wafalme, ni ile ya juzi tu ambayo watu hupenda kuisahau, palikuwa na mji uitwao Kilundo. Foleni zake zilikuwa balaa. Maili nne kutoka mtaa wa Pwaguzi hadi hospitali zilikula saa tatu.

Mji ukaita wahandisi wawili. Akwilina akasema, "Tujenge treni ya barabarani. Miaka miwili tu, watu wanapanda."

Shekue akasema, "Itabomoa nyumba za Pwaguzi. Tuchimbe, treni ipite chini ya ardhi. Ni miaka kumi, lakini hakuna atakayelala nje."

Desturi ya Kilundo ilitaka wahandisi wote wawili watie saini ramani moja. Mwaka wa kwanza Akwilina akakataa ya Shekue, Shekue akakataa ya Akwilina. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka wa tatu vilevile. Meya Mhina akawaambia, "Elewaneni kwanza, wanangu," kisha akaenda zake kula. Nalisema hili kwa uchungu.

Mwaka wa saba, mchana kweupe, Shani, binti wa miaka minane wa Pwaguzi, alibanwa na pumu. Baba yake, Kombo seremala, akampakia kwenye teksi. Foleni haikusogea. Akashuka, akambeba mgongoni, akakimbia. Mtoto alifia mgongoni, hospitali wanaiona.

Kilundo, siku ya arobaini, aliyesababisha kifo husimama mbele ya mfiwa na kuomba radhi. Mfiwa hupokea radhi ya mmoja tu kwa kumpa mkono, na jambo huishia hapo.

Siku ile walisimama watatu.

Shekue akasema, "Ni mimi. Ningetia saini ramani ya Akwilina, treni ingekuwa inapita huu ni mwaka wa nne."

Akwilina akasema, "Ni mimi. Shekue aliniomba reli izunguke Pwaguzi, tuongeze mwaka mmoja tu. Nikaona nimedharauliwa."

Meya akasema, "Ni mimi. Ningeweza kuiondoa desturi ile ya saini mbili. Niliogopa kura."

Ndipo Bi Riziki, mama wa marehemu, akainuka mkekani. Akamgeukia mumewe.

"Baba Shani, Shekue alikuja kutuuliza kabla ya kukataa. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kukusanya alama za dole gumba, reli isipite kwetu. Shani alinishikia wino. Nisamehe mimi."

Kombo akawatazama wote wanne, machozi yakimtoka. Mkono wa kupokea radhi ni mmoja.

Enyi mnaonisikiliza, wengine mmekaa foleni leo hii: je, nani alistahili kupewa mkono ule?