Bruchi ya Gudveig

Kaeni mkao wa kusikia. Huko Norwe, kwenye milima ya theluji, paliishi zimwi lililoiba mabibi harusi njiani kwenda kanisani, na hakuna aliyewahi kurudi. Siku Gudveig alipoolewa, bibi yake alimpa bruchi kubwa ya fedha, pambo la kubandika kifuani, yenye vijisahani vinavyoning'inia, vilivyoingia weusi kwa kukaa.

"Visugue vyote ving'ae kama kioo, mjukuu wangu," alisema bibi.

Gudveig akasugua vitatu, akachoka, akaibandika bruchi kifuani hivyo hivyo.

Njiani zimwi likamkamata. Lilikuwa halijawahi kujiona, basi likachungulia kijisahani cha kwanza, likashtuka.

"Nani huyu mwenye sura mbaya hivi?"

"Mlinzi wangu," akajibu Gudveig.

Likachungulia cha pili. "Na huyu?"

"Pacha wake."

Likachungulia cha tatu, likarudi nyuma hatua moja. "Na huyu?"

"Baba yao. Hivi vyeusi vina wajomba zao, bado wamelala. Ngoja niwaamshe."

Akakitemea mate cha nne, akaanza kusugua. Zimwi likatimua mbio, mpaka leo halijaonekana.

Kanisani, bibi akaitazama bruchi, akakunja uso. "Mbona umesugua vitatu tu?"

"Bibi," akasema Gudveig, "hao wengine hawakuhitajika."