Dawa ya Kusaidia Tu

Mwiba ni kitu kidogo. Mtu akichomwa husema kesho nitautoa, akaendelea na safari zake. Kesho mguu umevimba, keshokutwa haupiti kwenye kiatu. Ndiyo maana wahenga wakasema mdharau mwiba mguu huota tende, yaani anayepuuza jambo dogo hujiletea kubwa asiloliweza. Watu wa chini methali hii wanaijua kwa miguu yao. Wakubwa nao wanaijua, maana ndio wanaowatungia watoto mitihani.

Palikuwa na fundi viatu na mkewe msusi. Mume alikuwa mtu wa maneno machache. Mke alikuwa na vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, na wanawake walikuja kusukwa nusu kwa ajili ya nywele, nusu kwa ajili ya kucheka. Siku moja uvimbe ukamtoka pajani. Ulianza kama harage, ukawa kama ngumi. Hospitali kuu ikasema ni saratani.

Daktari aliyewapokea alikuwa binti mdogo, lakini alijua kusema na watu. Alivuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, dripu hii itaua uvimbe. Lakini ikishafanya kazi, taka zake hupitia kwenye kibofu, na huko zinaunguza kama maji ya betri. Kwa hiyo kuna dawa ya pili. Utachomwa sindano yake pamoja na dripu, kisha utameza vidonge baada ya saa mbili, na vingine baada ya saa nne zaidi. Ukivitapika usinyamaze, niite. Na maji, mama. Kunywa kama ngamia, na usibane mkojo."

"Kwa hiyo vidonge havitibu uvimbe?" fundi akauliza.

"Haviugusi hata kidogo, baba. Vinamlinda mwenye uvimbe."

Duru mbili za kwanza za dripu zilikwenda hivyo. Vidonge vilinuka kama yai viza, na mke akakunja uso kila alipofungua mdomo. "Baba watoto, hivi havikutengenezwa kiwandani," alisema. "Hivi vimetagwa." Fundi aliketi na saa mkononi, saa mbili zikitimia anampa, saa nne zaidi zikitimia anampa. Mkojo ulitoka mweupe. Uvimbe ukaanza kunywea kama puto lililotobolewa.

Kabla ya duru ya tatu, daktari yule alipelekwa masomoni, na hospitali ikapata mkuu mpya. Wagonjwa walimbatiza jina Bwana Mkasi, kwa sababu kila alipopita, kitu kilikatwa. Alikata sabuni. Alikata mashuka ya akiba. Choo cha wodi kilipoharibika hakukitengeneza. Aliagiza kifungwe, na wagonjwa wakawa wanaomba ufunguo wa choo cha wauguzi kwa msimamizi wa wodi.

Fundi alipofika kwenye dirisha la dawa, mtoa dawa alimpa chupa za dripu, akamrudishia karatasi.

"Na ile ya kibofu?"

"Imeondolewa kwenye orodha. Mkubwa anasema ni ya kusaidia tu."

Fundi akapanda ngazi hadi ofisini. Akamkuta Bwana Mkasi amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Mzee, dawa ya ugonjwa umepata?"

"Nimepata, mkubwa. Lakini ya kibofu..."

"Mgonjwa wako anaumwa kibofu?"

"Hapana."

"Sasa unataka dawa ya ugonjwa asio nao? Ni vidonge tu, mzee. Anywe maji."

"Basi asubiri mpaka vipatikane."

"Akishuka kitandani, atapanda mwingine. Zamu yake itarudi baada ya miezi miwili."

Fundi alizunguka maduka ya dawa yote ya mji ule, na hakuna lililokuwa nayo. Akarudi wodini mikono mitupu.

"Wamesemaje?" mke akauliza.

"Wamesema ni vidonge tu."

Maneno yale aliyatamka yeye, kwa mdomo wake, na ladha yake haijamtoka mpaka leo.

Mke akafikiri. "Uvimbe umeanza kuniogopa, mume wangu. Nikiuachia miezi miwili utachipuka kama magugu. Waniwekee. Maji nitakunywa."

Muuguzi wa zamu alisita na chupa mkononi. "Mama, mimi ningekuwa wewe ningesubiri."

"Utanitunzia kitanda, mwanangu?"

Muuguzi akainamisha macho, akaitundika.

Alikunywa maji, msusi yule, tena kwa bidii. Lakini maji yakiingia lazima yatoke. Mara ya kwanza msimamizi wa wodi alimpa ufunguo bila neno. Mara ya tatu alisema, "Mama, tena?" Mara ya tano alisonya, wagonjwa wote wakasikia. Mtu mzima ana haya zake. Kuanzia hapo mke akawa analowesha midomo tu, na akibanwa anabana.

Siku ya pili alianza kuungua. Siku ya tatu mkojo ulikuwa damu, kisha damu yenye mabonge, kisha mabonge yakaziba njia. Wakamtia mrija na mfuko wa kuning'iniza kando ya kitanda. Msimamizi alipopita, mgonjwa akamwita kwa sauti ndogo.

"Dada, ufunguo wako sasa kaa nao. Nimepata choo changu mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Dripu zilikuwa zimemaliza nguvu za damu yake, na kidonda cha kibofuni kikaingiza uchafu mwilini. Homa haikushuka tena. Siku ya kumi na moja asubuhi alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Uvimbe wa pajani, uliomleta hospitali, ulikuwa umebaki mdogo kama ulivyoanza.

Fundi hakujua kusoma vizuri, akamwomba karani amsomee cheti.

"Sababu ya kifo, saratani."

"Futa."

Bwana Mkasi akatoka ofisini kwake. "Pole, mzee. Lakini marehemu si alikuwa na saratani?"

"Saratani ilikuwa inakufa, mkubwa. Mwandike kibofu. Mwandike na vidonge."

"Fomu ina mstari mmoja tu."

"Basi mwandike kwa herufi ndogo."

Karani alimtazama mkubwa wake. Mkubwa alitazama saa yake. Cheti hakikubadilishwa, na bila cheti maiti haitolewi, kwa hiyo fundi akatia dole gumba pale alipoonyeshwa, akaenda kumzika mkewe.

Bwana Mkasi bado yuko kwenye kiti chake na anatembea vizuri. Mdharau mwiba mguu huota tende. Wahenga hawakukosea, ila mwiba ukidharauliwa na mkubwa, mguu unaoota tende ni wa mnyonge.