Kitanzi cha Chilongani

"Hodari wa kushika ni hodari wa kuachia." Mmeuliza, vijana, neno hili lilitoka wapi. Lilizaliwa Ugogo, katika uwanja wa mnada, siku ambayo mtu mmoja alishindwa mbele ya umati.

Chilongani alikuwa mkamataji wa ng'ombe katika ranchi. Kazi yake ilikuwa kurusha kitanzi na kumzuia mnyama ili apigwe chapa au achanjwe. Kamba yake aliisokota mwenyewe kwa ngozi, akailainisha kwa mafuta ya kondoo. Umbali wa hatua kumi na tano hakukosa pembe, na katika utumishi wake wote hakuvunja mguu wa ndama hata mmoja.

Kila mwaka baada ya mavuno wakamataji walishindana. Sharti lilikuwa kumnasa fahali na kumshika bila kuachia kamba, mpaka Bwana Mifugo ahesabu ishirini. Chilongani alikwisha kushinda mara nane mfululizo. Sasa magoti yalimuuma. Aliutaka ushindi wa tisa, kisha astaafu pasipo doa.

Mwaka huo fahali alitolewa na mjane, Mama Sechelela, naye hakuwa na mwingine. Chilongani akarusha. Kitanzi kikapita pembe, kikakaza shingoni. Fahali akaruka, akavunja ua, akatumbukia katika josho, lile handaki refu la maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe huvuka josho kwa kuogelea mwenyewe, mradi kichwa chake kiwe huru.

"Kumi na tano!" akahesabu Bwana Mifugo.

"Vuta, mzee!" akapaza sauti Ndahani, kijana aliyekuwa mpinzani wake. "Au mikono imekuwa uji?"

Watu wakacheka. Chilongani hakucheka. Kwenye kamba alisikia pumzi ya mnyama ikikatika, na pua aliiona ikizama.

"Kumi na saba!"

Akafumbua viganja.

Kamba ikamfuata fahali majini, kitanzi kikalegea. Kichwa kikaibuka. Mnyama akaogelea, akapanda upande wa pili, akasimama akikohoa.

"Umeachia, Mzee Chilongani," akasema Bwana Mifugo. "Sheria ni sheria."

"Naam, Bwana. Andika kwamba nimeshindwa."

Ndahani akamjia mbio. "Mzee, zilibaki tatu tu! Kwa nini?"

"Kushika umeniona nikishika miaka minane, mwanangu. Lililobaki ndilo hili."

Mama Sechelela alikuwa amemkumbatia fahali wake shingoni, nguo zake zikinuka dawa. Akageuka, akawaambia waliokuwa wakinong'ona, "Mnanong'ona nini? Hodari wa kushika ni hodari wa kuachia!"

Aliyetangazwa mshindi mwaka ule hakuna amkumbukaye. Lakini mtu anapoacha haki yake ili mwingine apate kuishi, Wagogo humtaja Chilongani, nao husema: Hodari wa kushika ni hodari wa kuachia.