Mume wa Aliyebeba

Hapo zamani, zamani ya juzi tu wala si ya mababu, huko milimani kunakolimwa tangawizi, walikuwapo dada wawili wa tumbo moja. Mkubwa aliitwa Nietiwe, na mumewe alikuwa Eliamani, mwalimu. Mdogo aliitwa Namsifu, na mumewe alikuwa Senzige, fundi seremala. Namsifu na Senzige walikuwa na watoto wawili. Nietiwe na Eliamani hawakuwa na hata mmoja.

Nietiwe alizaa mara moja. Mtoto hakuishi, na madaktari wakautoa mfuko wa uzazi ili mama apone. Akapona mwili. Kwa miaka sita hakukanyaga nyumba yenye mtoto mchanga.

Kisha daktari wa mjini akawaambia kuwa iko njia: yai la Nietiwe na mbegu ya Eliamani zikutanishwe nje, halafu mimba ipandikizwe kwa mwanamke mwingine aibebe. Nietiwe akarudi nyumbani akilia, maana nani angekubali? Namsifu akasema atabeba yeye. Wakaenda wote kwa daktari.

Daktari akamwambia Namsifu, "Wewe umekubali. Mumeo je?"

Senzige akaomba siku tatu. Siku ya kwanza akapiga randa mbao. Siku ya pili akapiga randa. Siku ya tatu akaweka randa chini, akamwambia mkewe, "Naogopa. Ulipomzaa huyu wetu wa pili nilikaribia kukupoteza. Lakini nimemwona dada yako anavyogeuza uso akipita mtu mwenye mbeleko. Beba, mke wangu. Nipo."

Mimba ikashika. Daktari alikuwa amewakataza kulala pamoja mpaka itulie, basi Senzige akatandika mkeka chumbani kwa watoto. Namsifu akachukia moshi, Senzige akapika. Namsifu akavimba miguu, Senzige akaikanda, na huku akikanda akiimba nyimbo za kuchania mbao. Watoto walipouliza, akawaeleza kuwa mama anamtunzia mama mkubwa mtoto wake, na akizaliwa atakwenda kwao.

Mashineni, alipopeleka mahindi kusaga, wanaume wakacheka wakisema mkewe ana mimba ya mwanyumba wake, yaani ya mume wa shemeji yake. Senzige akafunga gunia lake, akasema, "Mtoto ni wao. Mimba ni ya mke wangu. Na mke ni wangu." Akajitwika unga akaenda zake. Lakini njiani alisimama mara mbili, na haukuwa uzito wa gunia.

Mwezi wa saba wa mimba Namsifu akatokwa na damu. Mvua ilikuwa imeikata barabara, hakuna gari lililoweza kupanda. Senzige akang'oa mlango wa nyumba yake, wakamlaza Namsifu juu yake, yeye akashika mbele na Eliamani akashika nyuma. Wakateremka mlima saa tatu nzima. Nietiwe aliwafuata akimfunika mdogo wake kwa khanga, na khanga ikilowa anaikamua, anamfunika tena.

Hospitalini damu ya kuongezewa ilikuwa imekwisha. Ya Senzige haikulingana na ya mkewe. Ya Eliamani ikalingana, akatoa. Kisha daktari akatoka akasema kuwa wakimtoa mtoto sasa hivi mama ana nafuu, lakini mtoto ni mchanga mno, huenda asiishi. Wakisubiri, mtoto atapata nguvu, lakini mama huenda wakamkosa. Akauliza wanasemaje.

Senzige akatazama sakafu. Alijua analotaka, na alijua mtoto si wake. Akashindwa kulisema mbele ya shemeji yake.

Nietiwe akasema, "Mtoeni. Mdogo wangu abaki."

Wakamtoa. Mungu akawapa wote wawili. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo wa kuenea katika viganja viwili, naye alilia bila kukoma. Nietiwe akambembeleza, hakunyamaza. Eliamani akambembeleza, hakunyamaza. Senzige, aliyekuwa pembeni akizungumza na mkewe kwa sauti ya chini, akapaza sauti kwa neno moja tu, na mtoto akanyamaza kusikiliza. Senzige akaona uso wa Nietiwe. Akatoka nje.

Mtoto akaenda kwao. Maziwa ya Namsifu yakaja, na hapakuwa na wa kuyanyonya. Senzige akamkanda matiti kwa kitambaa cha moto, akalia naye. Majirani walifika kumpa Namsifu pole. Senzige hakupewa na mtu.

Siku arobaini zikatimia. Katika ukoo ule jina hutolewa na mtu mmoja, na mtoa jina, asipokuwa mzazi mwenyewe, huwa mzazi wa pili: mtoto humwendea likizo, humtunza uzeeni, humlilia kama mzazi. Bibi Nakijwa, mama yao wale dada, akampakata mtoto, akataka kila mmoja wa wale wanne aseme kwa nini jina litoke kwake.

Eliamani akasema, "Ni damu yangu. Na aliyembeba alipoishiwa damu, aliongezewa yangu."

Nietiwe akasema, "Mimi nilimtoa kabla sijampata. Hakuna aliyetoa kilicho kikubwa kuliko hicho."

Namsifu akasema, "Mimi nilimbeba, na kovu ninalo. Lakini sijiombei. Namwombea mume wangu. Mimi nilimbeba mtoto, yeye alinibeba mimi."

Ikambidi mama mkwe amwite Senzige kwa jina. Ndipo aliposema, "Mama, damu yangu haimo, na tumbo si langu. Nilijiambia nalinda cha watu. Lakini juzi nimejikuta nimeunda kitanda kidogo ambacho hakuna aliyekiagiza. Siombi jina. Nimemkumbuka tu, na sikujua kama nina haki ya kumkumbuka."

Nietiwe akainamisha kichwa. Bibi Nakijwa akawatazama mmoja mmoja, mtoto mapajani bado hana jina, na chakula kinapoa kikisubiri jina.

Nami nimewaleta mpaka mlangoni pa nyumba ile. Ndani ingieni wenyewe. Je, kati ya hao wanne, ni nani aliyestahili kumpa mtoto jina?