Nusu ya Kilichopungua

“Laki nne na themanini! Umeme wa mwezi mmoja! Mnashona sare humu ndani au mnayeyusha chuma?”

Aliyekuwa anafoka ni mama mmoja mwenye karakana ya kushona sare za shule. Alikuwa na wafanyakazi kumi na mmoja, na siku hiyo kumi walikuwa wameinamia kazi kama hawasikii. Mmoja tu ndiye aliyenyanyua kichwa. Huyu alikuwa mpiga pasi, mtu wa makamo, na tena mtani wa yule mama, kabila kwa kabila. Mtani mnamjua: ndiye mtu pekee anayeweza kukucheka msibani kwako na bado ukampa chakula.

“Mtani,” akasema, “punguza sauti. Hata hiyo inaweza kuwa inakula umeme.”

“Wewe nyamaza! Pasi nne zinawaka tangu asubuhi mpaka jioni. Sasa sikia. Matumizi yasiposhuka, naondoa wapiga pasi wawili. Na naanza na wewe!”

Basi ndugu zangu, utani ukaisha hapo. Watu wawili kazi zao zilikuwa zimeshikwa na uzi, na kila mmoja mle ndani alikuwa anahesabu: ni mimi au ni mwenzangu?

Mama yule hakuwa mtu mbaya. Nawaambia mapema, msije mkamchukia bure. Fundi wake akijifungua, yeye ndiye wa kwanza kufika na kuku. Lakini alikuwa na ugonjwa ambao hata sisi tunao: alidhani mwenye duka ndiye mwenye akili zote za duka. Akanunua karatasi za manila, akaandika ZIMA! kwa wino mwekundu, akabandika kila ukuta.

Wakazima. Wakazima nini? Taa! Wakashona gizagiza, na fundi mmoja akaunganisha mkono wa shati ndani nje. Pasi zikaendelea kuwaka.

Akanunua kufuli. Saa saba watu wakitoka kwenda kula, anazima swichi kuu na kulifunga boksi lake. Wakirudi, pasi za baridi. Mnajua wapiga pasi wale walikuwa wanalipwaje? Kwa kipande. Dakika unazosubiri pasi ipate moto hakuna anayekulipa. Basi kesho yake wakaanza kwenda kula kwa zamu, wawili wawili, ili mama asipate nafasi ya kufunga. Akasimama mlangoni na kufuli lake mkononi mpaka saa tisa, na njaa ikamuuma yeye.

Sasa jibuni. Watu wale walikuwa wezi? Walikuwa wavivu? Mbona mko kimya? Nyinyi mnaobandika karatasi maofisini, nawaona, msiangalie chini.

Siku ya nne mama akachoka. Akavuta benchi, akakaa katikati ya mafundi wake, akavua viatu.

“Mtani,” akasema, “nieleze. Kwa nini hamzimi pasi?”

Yule mtu akaweka pasi yake kando. “Leo umeuliza?”

“Nimeuliza.”

“Miaka sita hujauliza.”

“Jibu bwana, usinitese!”

“Haya. Kola zinatoka kwenye cherehani moja moja. Nikipiga hii, nasubiri ile. Pasi nayo inasubiri. Tofauti yetu ni kwamba mimi nikisubiri sili, yenyewe ikisubiri inakula. Sasa nikiizima, halafu kola ikaja, naanza upya kungoja moto. Faida inaingia kwako, hasara inalala kwangu. Ungekuwa wewe ungezima?”

Mama akafikiri. Akasema neno ambalo wenye mali wachache hulisema: “Nisingezima.”

“Basi tugawane. Kitakachopungua kwenye umeme, nusu yako, nusu yetu.”

“Nusu! Wewe mtani una roho ya fisi.”

“Na wewe una mkono wa birika. Nusu.”

Wakapeana mikono mbele ya wote. Na pale pale, ndugu zangu, midomo ikafunguka. Kumbe kila mtu alikuwa na lake! Fundi mmoja akasema kola zirundikwe, pasi ziwashwe mara mbili tu kwa siku, asubuhi na alasiri; katikati wapiga pasi washone vifungo, nako walipwe kwa kipande. Mwingine akasema, haya majora ya vitambaa yamepangwa dirishani yanaziba mwanga. Yakihamishwa, taa ya nini mchana? Na mpiga pasi akatoa siri ya kazi yake. Akasema, tuanze na suruali za kaki, nguo nzito, pasi ikiwa kali. Tukibakiza blauzi nyepesi, tuchomoe plagi kabisa. Joto la mwisho linatosha blauzi kumi.

Mama akashika kichwa. Vitu hivi vyote alikuwa anavilipia mshahara, lakini alikuwa hajaviuliza.

Mwezi ukaisha. Laki mbili na sitini! Zimepungua laki mbili na ishirini. Hakuna aliyefukuzwa. Mama akacheza pale karakanani mpaka kilemba kikaanguka, na mtani wake akamwambia, “Okota, usije ukatuletea hasara nyingine.”

Nusu ya hizo ni ngapi? Laki moja na kumi. Kwa watu kumi na mmoja, elfu kumi kila mmoja. Hela ndogo? Kwako. Kuna mtu pale kwa elfu kumi, ambayo bado hajaitia mkononi, alikuwa ameshapanga kununua daftari za mtoto na mafuta ya kula.

Jumapili mama akaenda kanisani amependeza. Ukafika wakati wa shuhuda, akasimama. “Bwana asifiwe! Ndugu zangu, Mungu amenitendea. Nilikuwa nalia na umeme, laki nne na themanini. Nikapiga magoti. Mungu akashuka, akapunguza matumizi! Nami sikuja mikono mitupu. Nimeleta sadaka ya shukrani, laki moja na kumi.” Akaweka bahasha kikapuni. Kanisa likalipuka, vigelegele, makofi.

Mmeiona hiyo hesabu? Yeye hakuiona. Naapa hakuiona. Alikuwa analia machozi ya kweli.

Benchi la nyuma, mtu akasimama. Mpiga pasi.

“Bwana asifiwe. Na mimi nina ushuhuda mfupi. Mungu ni mwema. Ila nilikuwepo karakanani mwezi mzima, na sikumwona akichomoa plagi. Tulikuwa tunachomoa sisi. Mungu alitupa akili na mikono, namshukuru. Ahadi tulipewa na mtani wangu. Sasa mtani, nakuuliza kwa heshima yote mbele ya watu wa Mungu: ile bahasha ni nusu yako au ni nusu yetu?”



Mama akabaki amesimama. Kisha akatembea, polepole, mpaka mbele, akaingiza mkono kikapuni, akaitoa ile bahasha. Watu wakaguna: anamnyang'anya Mungu! Akaenda nayo mpaka benchi la nyuma, akamwekea yule mtu mkononi. “Nisamehe, mtani. Nilimlipa asiyenidai.”

Wapendwa, mimi nampenda mama yule kuliko wote walioguna. Alikosea mbele za watu na akarekebisha mbele za watu.

Lakini sisi je? Sisi tunataka watu wetu wazime, wafunge, wabane, wapunguze. Hatuwaulizi wanajua nini. Wakijitahidi, faida ikaonekana, ghafla tunakuwa watu wa Mungu sana! Tunamshukuru yeye aliye juu ili tusimtazame huyu aliye mbele yetu. Shukrani ya namna hiyo ni ujanja, na Mungu si mtoto. Anajua nani alizima taa ofisini kwako.

Wazee wa kanisa, vikapu vikae chini kwanza. Najua bati letu linavuja, najua mafundi wanasubiri. Mvua ituloweshe. Kama ndani ya bahasha yako kuna hela uliyomwahidi mfanyakazi wako, mlinzi, dada wa nyumbani, fundi, karani, yeyote aliyekupunguzia gharama ukamwambia tutaonana, usiilete hapa. Sitaipokea. Itoe sasa hivi, nageuka nisikuone. Na usinitafute baada ya ibada kunieleza hali ngumu. Yeye ndiye wa kumweleza, na yeye hahitaji hadithi.

Kesho asubuhi, kabla hawajaanza kazi, walipeni. Yote.