Zimwi Lililokunywa Mafuta ya Kungumanga

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na mwanamke na mafuta yake, pakawa na zimwi lililokosa usingizi.

Aliondokea mwanamke mmoja, jina lake Kazija, akikaa mashamba na mdogo wake Mize, mwenye mimba pevu. Kazija alikuwa mchuaji wa viungo. Alikuwa akichemsha kungumanga na kuukusanya mvuke wake mpaka akapata mafuta machache, makali, akayatia chupani. Waliochoka mwili na waliokosa usingizi wakimwendea.

Siku moja, alasiri, likaja zimwi. Kichwa kama pipa, mgongo umekakamaa kwa kulala mapangoni.

"Kazija," likasema, "sijalala tangu mwezi uandame. Nichue. Nisipolala, nammeza mdogo wako na alichobeba."

Kazija akaitia mikono kazini. Akamwambia Mize akae mbali. Akafungua madirisha. Akatia tone moja la kungumanga katika kikombe cha mafuta ya nazi, akakoroga. Akalipaka zimwi kidogo mkononi, akangoja aone kama ngozi itawasha. Haikuwasha. Ndipo akalichua mgongo.

"Mbona machache?" likauliza zimwi.

"Tone ni dawa, kikombe ni sumu," akajibu Kazija.

Basi zimwi likalala pale pale sakafuni, likaamka, likaenda zake.

Siku nyingine likarudi. "Leo zidisha."

"Tone ni dawa, kikombe ni sumu."

Likanung'unika, likachuliwa, likalala. Lilipoondoka, Mize akasema, "Dada, si ulinyweshe mafuta yote life, tupumzike?"

"Limekuja kutibiwa," akasema Kazija. "Mikono hii ikishaua, nani atanipa mgongo wake tena?"

Mize hakuridhika.

Mara ya tatu zimwi likaja na hasira. "Leo nichuliwe na huyo mdogo wako. Mikono yake laini."

"Mwenye mimba hayagusi mafuta haya."

"Basi una siri. Mazuri unamwekea yeye. Lete chupa."

"Tone ni dawa, kikombe ni sumu. Na kunywa, hayanywewi kabisa."

Zimwi likacheka. Likainyakua chupa, likaimimina yote kooni, likajilamba.

"Unaona? Mwongo wewe. Sasa nangoja njaa inishike, niwale nyote wawili."

Likakaa mlangoni, likaziba njia. Mize akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Kazija akasimama mbele yake.

Basi wakangoja. Mara ulimi wa zimwi ukakauka kama kifuu. Moyo ukaenda mbio. Likaona ukuta unatembea, likaona mikungumanga inakuja imeshika mapanga. Likaanguka, likatapika.

"Kazija, nakufa."

Mize akaokota mchi. "Sasa, dada."

Kazija akautazama ule mchi. Akautazama muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akautoa mkononi mwa mdogo wake, akauweka chini, akaligeuza zimwi ubavu lisipaliwe na matapishi. Angekuwa mtu, angekimbizwa kwa tabibu. Zimwi, nani angelipokea?

Kulipokucha lilikuwa hai, limenywea kama jani la juzi.

"Mbona hukuniua?" likauliza.

"Nilikwambia kweli mara tatu," akasema Kazija. "Sikukwambia kweli ili nije nikuue."

Zimwi likaondoka likishika ukuta. Halikuomba radhi, wala Kazija hakungoja liombe. Halikuonekana tena upande ule.

Mize akajifungua salama, mtoto wa kike. Naye Kazija akatengeneza mafuta mengine, akaiziba chupa vizuri, akaipandisha darini, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesikia amsimulie aliyesinzia. Na funzo lake ni hili: dawa ina kipimo chake, na anayekidharau hujidhuru mwenyewe.